Moshi Haufukizwi, Unaoshwa

Anayetafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam huonyeshwa mambo yaleyale. Dalali atafungua bomba ili uone maji yanatoka, atakuonyesha mita ya umeme ya LUKU, atatikisa geti, kisha atasimama katikati ya sebule na kusema, "Hii imepakwa rangi juzi tu." Rangi kweli inanukia upya. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita, anahamisha vyombo, anatundika mapazia. Mvua za masika zinapoanza na madirisha yanafungwa usiku, harufu nyingine inatoka ukutani: moshi wa sigara za mpangaji aliyetangulia, au wa mkaa uliopikiwa koridoni miaka na miaka. Akimpigia simu mama mwenye nyumba, akamwamkia na kumweleza, jibu atakalopata nalijua kabla halijatajwa. "Fukiza udi kidogo, mwanangu, itakwisha."

Haiishi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema kabisa katika nyumba nyingi, pwani na bara, lakini unamfanya mtu aishi na uchafu huku akidhani anapambana nao. Harufu ya moshi iliyoganda ndani ya nyumba ni mabaki ya moshi wenyewe. Yapo pale, yanashikika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na yataendelea kuwapo mpaka mtu ayatoe. Kukabidhi nyumba ikiwa na mabaki hayo chini ya rangi mpya ni kukabidhi nyumba chafu, na mimi sioni tofauti yake na kukabidhi choo ambacho hakikusuguliwa.

Kuni, mkaa, tumbaku na mafuta ya taa haviungui vikaisha. Kinachobaki bila kuungua hupanda hewani kama chembe ndogo mno za kaboni zilizovikwa mafuta na lami, pamoja na gesi za aina nyingi. Ile harufu ya kuni tunayoitambua hata kwa macho yaliyofumbwa hutokana kwa sehemu kubwa na fenoli, guayakoli ikiwa mojawapo, ambazo huzaliwa pale joto linapoivunja lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu wake. Chembe hutua juu ya feni, juu ya kabati, kwenye nyavu za madirisha. Gesi hupenya kila kitu chenye vitundu: plasta, chokaa, mbao za dari, jipsamu, pazia, zulia, sponji ya godoro. Huko hunasa na kutulia. Joto likipanda, au hewa ikijaa unyevu, hujiachia kidogo kidogo na kurudi chumbani. Ndiyo sababu nyumba iliyokuwa kimya wakati wa kipupwe huanza kunuka Machi, na ndiyo sababu mwenye nyumba aliyekuja Julai kukagua ataapa kwamba hakusikia chochote.

Tena pua ya mwenyeji haiaminiki. Anayelala katika harufu kwa siku kadhaa huacha kuisikia, akabaki mgeni peke yake anayeisikia anapovuka kizingiti, na mgeni mwenye adabu hasemi. Familia nyingi hugundua hali ya nyumba yao pale tu wanaporudi kutoka safari ya likizo na kufungua mlango.

Kwa moshi wa tumbaku, jambo hili limefanyiwa utafiti wa kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, Marekani, wakiongozwa na Georg Matt, walifuatilia nyumba ambazo wavutaji walihama na watu wasiovuta wakaingia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Nyumba hizo zilikuwa zimekaa tupu kwa takribani miezi miwili na zikaandaliwa kwa ajili ya wakazi wapya, lakini nikotini bado ilikutwa kwenye vumbi, kwenye kuta na hata kwenye vidole vya wakazi wapya wasiovuta sigara. Mwaka uliotangulia, wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walikuwa wameonyesha kwamba nikotini iliyotulia juu ya vitu hukutana na gesi ya asidi ya naitrasi, ambayo hutoka kwenye majiko ya gesi na magari, na kuzaa nitrosamini, kundi la kemikali zinazosababisha saratani. Mabaki hayo siku hizi yana jina, moshi wa mkono wa tatu. Wa kwanza ni wa mvutaji, wa pili ni wa aliyekaa karibu naye, wa tatu ni wa aliyefika baada ya sigara kuzimwa.

Huyo wa tatu, katika nyumba zetu, mara nyingi ni mtoto anayetambaa. Anapitisha viganja juu ya sakafu na zulia, anavitia mdomoni, analamba mkono wa kochi. Mtu mzima hugusa ukuta mara chache kwa siku. Mtoto wa miezi minane anaishi na sakafu.

Moshi wa jikoni una habari yake. Madhara yake makubwa hutokea pale unapovutwa ukiwa mbichi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupika na kuwasha taa kwa nishati chafu, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Harufu iliyobaki ukutani huonyesha moshi ule ulikuwa ukielekea wapi. Ukuta wa chumba cha watoto ukinuka mkaa, basi moshi wa mkaa ulikuwa ukiingia chumba cha watoto kila jioni. Koroboi nayo isisahaulike, kwa kuwa bado inawaka vijijini na hata mjini umeme unapokatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima taa za utambi na kukuta kwamba kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi meusi. Anayetaka ushahidi atazame doa jeusi darini juu ya mahali koroboi inapokaa. Na ile dawa ya mbu ya kuzungusha tunayoiwasha chini ya kitanda: utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja likiungua lote linaweza kutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Tunafukuza mbu kwa moshi, tunafukuza harufu ya moshi kwa udi, na udi wenyewe ni moshi.

Sina ugomvi na udi. Nyumba ya Mswahili bila chetezo imepungukiwa, na harusi, maulidi au arobaini bila ubani si shughuli iliyokamilika. Lakini hebu tukumbuke utaratibu wenyewe ulivyokuwa kwa bibi zetu, na ulivyo hadi leo katika nyumba zinazojali. Mikeka hutolewa ikakung'utwa. Sakafu hufagiliwa, ikapigwa deki. Mashuka hubadilishwa. Nguo hufuliwa, zikaanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Baada ya yote hayo ndipo chetezo hupitishwa chumba hadi chumba, kanga zikawekwa juu ya tenga la kufukizia. Bibi harusi huogeshwa na kusingwa kwanza, kisha akafukizwa, na hakuna kungwi anayeanza na udi juu ya jasho la jana. Udi ulikuwa hatua ya mwisho ya usafi. Sisi tumeruka hatua zote tukabaki na ya mwisho, kisha tunashangaa haifanyi kazi. Hali kadhalika marashi ya kopo ya kupuliza: huongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, na baada ya saa chache ya kwanza inabaki peke yake.

Wala sisemi kwamba moshi ni adui kila mahali. Wakulima wengi wameweka mbegu za mahindi juu ya kichanja cha jikoni ili moshi ufukuze fukusi. Moshi umelinda makuti na nyasi za paa dhidi ya wadudu. Wakalenjini wa Bonde la Ufa husugua vibuyu kwa mkaa wa miti maalumu ili mursik ipate ladha na rangi yake, na mtu aliyelelewa na maziwa hayo hawezi kuambiwa kwamba harufu ya moshi ni uchafu. Jambo ni kwamba wazee hao walijua mahali pa moshi. Kwa wengi, jiko lilikuwa na banda lake, mbali na mahali pa kulala. Nyumba za mawe za Lamu ziliweka jiko juu kabisa, ghorofa ya mwisho, ili joto na moshi vitoke bila kupita vyumbani. Na ile nyumba ya Kiswahili tuliyoizoea Magomeni, Kariakoo na Temeke, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, iliweka jiko uani, nyuma, kando ya bafu na choo, hewa ikipita juu yake.

Uwa huo ndio tulioupoteza, na hapa ndipo chanzo cha harufu nyingi za mjini. Kodi ilipopanda, wenye nyumba wakaona jiko la uani ni mita za mraba zisizoingiza kitu. Wakaliziba, wakaweka mlango na kitasa, likawa chumba cha kupangisha. Banda la kuni nalo likafuata. Wapangaji sita waliokuwa wakipika uani wakahamia koridoni, kila mmoja na jiko lake la mkaa mbele ya mlango wake, chini ya dari ya mbao, bila dirisha. Moshi wa majiko sita huenda wapi? Huenda vyumbani. Miaka mitano ya moshi huo ikipita, mwenye nyumba humwita fundi rangi, akampa ndoo mbili za rangi ya maji, na kwa jioni mbili kazi imekwisha.

Rangi ya maji haizuii moshi. Fundi yeyote mkweli atakwambia kwamba ukipaka juu ya masizi, doa la njano au la kahawia litajitokeza baada ya muda, kwa sababu maji ya rangi yenyewe huyeyusha mabaki na kuyavuta juu. Harufu hupita vilevile. Na mahali penye mafuta mengi rangi haishiki, huanza kubanduka kama maganda. Mwenye nyumba akamlaumu fundi, fundi akalaumu rangi ya bei rahisi, na wote wawili wamekosea.

Basi huondolewaje? Kwanza chanzo kitoke. Hapa watu wengi hupuuza vitu vidogo: jivu kwenye ndoo nyuma ya mlango, gunia la mkaa lililobaki nusu stoo, vumbi la mkaa pembeni mwa kabati, kisahani cha vichungi vya sigara juu ya kibaraza. Almuradi vitu hivyo vimo ndani, kazi inayofuata ni bure. Kisha kila kitu cha kitambaa kitoke nje: mapazia, mazulia, mito, vitambaa vya makochi, nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango. Vifuliwe kwa maji ya moto kiasi kitambaa kinavyostahimili, na visiingizwe ndani mpaka nyumba yenyewe iwe imekwisha kusafishwa, la sivyo vitanyonya upya. Pazia lililokaa miaka jikoni halitatoka kwa fua moja. Lifuliwe tena kabla halijakauka. Jua letu ni msaada mkubwa ambao watu wa nchi za baridi hawana, kwa hiyo na litumike: siku nzima, upande huu na upande ule.

Nyumba ikiwa tupu, fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Kama kuna feni ya kusimama, iweke dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke. Watu wengi huielekeza ndani, nayo ikazungusha harufu ileile chumbani.

Halafu masizi makavu yatolewe yakiwa makavu. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukianza na kitambaa chenye maji juu ya masizi, unatengeneza wino na kuusugua ukaingia ukutani. Anza na ufagio laini uliofungwa kitambaa kikavu, kuanzia darini kuja chini, ukifunika pua na mdomo. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa feni za dari na taa. Mapanga ya feni, upande wa juu usioonekana, hubeba tabaka nene la mafuta na vumbi, na kila feni inapozunguka hutawanya harufu hiyo chumba kizima. Nyavu za mbu madirishani ndizo husahaulika kuliko vyote, ilhali moshi wote uliotoka ulipitia hapo na kuacha sehemu yake. Zitolewe, zilowekwe kwenye maji ya sabuni, zisuguliwe kwa brashi. Zikiwa zimekwisha rangi na kukakamaa, zibadilishwe, bei yake si kubwa.

Baada ya hapo ndipo maji yaingie. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, au sabuni ya maji ya vyombo, inatosha kwa nyumba nyingi, kwa sababu kinachotafutwa ni kukata mafuta. Ukuta huoshwa kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yanayotiririka yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha husuuzwa kuanzia juu kwenda chini. Maji yabadilishwe yakishakuwa ya kahawia, na yatakuwa ya kahawia upesi. Aliyewahi kuosha chumba cha mvutaji anaijua rangi ile, ya chai ya rangi iliyokolea, inayotoka kwenye ukuta ambao dakika moja kabla ulionekana mweupe. Ukutani ambako mafuta ni mazito, magadi soda kidogo ndani ya maji husaidia. Kwenye vioo na vigae, siki iliyochanganywa na maji hung'arisha na kuondoa mabaki ya sabuni. Angalizo moja ambalo ni la uhai: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya mno pa kujifunzia hilo.

Makabati yaoshwe ndani, juu na nyuma. Droo zitolewe. Milango ioshwe hata ukingo wake wa juu. Chujio la kiyoyozi, kama kipo, lioshwe au libadilishwe, maana kiyoyozi kilichovuta moshi wa sigara kitautoa kila kinapowashwa.

Godoro na makochi ni mtihani. Magadi soda yakinyunyizwa juu ya sponji, yakaachwa usiku kucha na kufagiliwa asubuhi, hupunguza, na jua hupunguza zaidi. Lakini godoro ambalo mtu amelivutia sigara kitandani kwa miaka halitasafika. Moshi umefika katikati ya sponji, na hakuna maji yanayofika huko bila kuliharibu. Ninajua godoro ni ghali. Bado ningelitoa, hasa kama anayelala juu yake sasa ni mtoto.

Watu huuliza kuhusu mkaa. Mkaa wenyewe, uleule uliochafua, una vitundu vinavyonasa harufu, na bakuli la mkaa ndani ya kabati lililofungwa hufanya kazi kiasi. Mkaa ulioamilishwa, ambao hupitishwa kwenye joto kali na mvuke ili vitundu vyake viongezeke, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini bakuli sebuleni halishindani na kuta nne zinazonuka. Kitunguu kilichokatwa na maganda ya limau navyo ni vya kujifariji. Kuhusu mashine za ozoni, ambazo siku hizi hutangazwa kwamba zinaua harufu yoyote, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limekwisha kuonya kwamba kwa kiwango kisichodhuru afya ozoni haifanyi kazi ya maana ya kuondoa uchafu wa hewa, na kwa kiwango kinachofanya kazi inaumiza mapafu. Mtu asikuuzie.

Ukuta ukishakauka kabisa, siku kadhaa kwa hali ya hewa ya pwani, ndipo rangi iwe na maana. Na kabla ya rangi ya maji, sehemu zilizokolea moshi zipakwe kwanza undakoti ya mafuta, ile inayofunga vitundu, ili kilichobaki ndani kisitoke. Dari la jipsamu lililogeuka rangi na likanuka hata baada ya kufutwa huwa halifai tena, livunjwe. Nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, zina ugumu wake: ukuta unapumua, na kuuziba kwa rangi ya mafuta ni kuufungia unyevu ndani. Huko dawa ni kukwangua tabaka la chokaa lililochafuka na kupaka jipya, kama ilivyofanywa zamani.

Ipo aina moja ya moshi inayowadanganya hata wenye bidii. Sufuria ya maharage au nyama ikisahauliwa jikoni ikaungua mpaka chini, hakuna masizi yanayoonekana. Kuta zinabaki nyeupe. Lakini mafuta na protini zilizoungua zimetanda nyumba nzima kama utando usioonekana, na harufu yake ni kali kuliko ya mkaa. Watu hupuliza marashi wiki nzima wakitafuta inakotoka, kwa sababu wanatafuta mahali peusi. Inatoka kila mahali. Kila kitu kioshwe, hata kinachoonekana safi.

Haya yote ni kazi, na tuseme wazi ni kazi ya nani sasa hivi. Ni ya mwanamke. Ni mama mpangaji, au dada wa kazi anayelipwa kidogo kuliko wote, ndiye anayepanda juu ya stuli na ndoo kuosha dari lililochafuliwa na mtu ambaye hayupo au aliyekaa kwenye kochi akivuta. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya bidhaa za tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 zinagusa zaidi maeneo ya umma. Sebuleni kwa mtu hakuna askari. Kwa hiyo ninawaomba akina baba wenzangu wanaovuta: toka nje, mbali na dirisha, na ukirudi nawa mikono na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto. Na siku ya kuosha ukuta, ndoo uibebe wewe.

Ipo pia aibu ambayo inawekwa mahali pasipostahili. Watoto shuleni humcheka mwenzao wakisema ananuka moshi. Mwalimu naye wakati mwingine husema, bila kufikiri. Sare ya mtoto yule imetundikwa katika chumba ambacho pia ni jiko, kwa sababu mama yake hana pengine pa kupikia. Hakuna sabuni itakayomsaidia mpaka jiko litoke chumbani. Mtoto hana kosa lolote, na mama yake hana kosa.

Serikali ya Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri. Lakini mkakati hauishi na wapangaji. Katika nyumba nyingi za vyumba, mita ya LUKU ni moja kwa wote, na sharti la kwanza analopewa mpangaji ni kwamba haruhusiwi jiko la umeme wala hita. Gesi nayo, mwenye nyumba mwingine anaiogopa na kuikataza. Mtungi wa kilo 6 ukiisha hujazwa kwa pesa ya mara moja, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa pesa ya leo. Mama aliyekatazwa umeme, akakatazwa gesi, na asiye na uwa, amebakiwa na nini? Jiko la mkaa koridoni, na mvua ikinyesha, chumbani. Hapo harufu ndiyo hatari ndogo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu kabisa, na familia nzima hulala isiamke. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezima.

Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wenye nyumba, kabla ya wapangaji na kabla ya serikali. Rudisha jiko la uani, au toboa dirisha na bomba la moshi mahali watu wanapopikia. Gawa mita, ili anayetaka kupika kwa umeme alipe wake. Andika katika mkataba kwamba nyumba itakabidhiwa ikiwa imeoshwa kuta, dari na nyavu kabla ya kupakwa rangi, na kwamba anayehama ataiacha hivyo. Mpangaji naye, kabla hujatoa hata shilingi, mwombe dalali afunge madirisha mkae ndani kidogo, fungua kabati, weka pua, pangusa juu ya feni kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikirudi cheusi, omba nyumba ioshwe kwanza. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana uwezo wa kununua ndoo, sabuni na siku mbili za kazi ya mtu, na ni wajibu wake kufanya hivyo.